Kiasi cha DNA katika mzunguko wa seli: mwongozo kamili wa kukihesabu, kukichora na kukipima

Seli ya ngozi ya binadamu iliyo katika awamu ya G1, yaani kabla ya kunakili DNA yake, ina kromosomu 46. Saa kadhaa baadaye, ikishamaliza awamu ya S, ambayo ndiyo ya kunakili DNA, ina DNA maradufu ya ile iliyokuwa nayo, na bado kromosomu zake ni 46. Baadaye tena, katikati ya mitosisi, yaani kugawanyika kwa kiini, kwa dakika chache huwa na kromosomu 92 bila kuongezewa DNA yoyote. Sentensi hizi tatu zote ni sahihi, na anayeweza kueleza kwa nini ni sahihi ameshaielewa mada hii. Asiyeweza atakariri jedwali, na jedwali hilo litamtupa mkono siku swali litakapogeuzwa kidogo tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu wao, na yeyote anayeanza kazi ya maabara inayohusu seli. Ninaamini kwamba mada hii haihitaji kukariri kitu. Inahitaji maswali mawili, yaulizwe kwa utaratibu katika kila hatua: je, DNA imesharudufishwa, na je, kiini kimeshagawanyika? Kiasi cha DNA ndani ya kiini huongezeka kwa sababu ya tukio la kwanza na hupungua kwa sababu ya tukio la pili. Katika mzunguko wa kawaida hakuna tukio la tatu.

Hatua ya 1: Tenganisha hesabu tatu

Kabla ya kugusa grafu yoyote, andika juu ya karatasi yako hesabu tatu, kila moja kwenye safu yake. Ya kwanza ni kiasi cha DNA, yaani uzito wake ndani ya kiini, unaopimwa kwa pikogramu au kuandikwa kwa alama ya C. Ya pili ni idadi ya kromosomu, inayoandikwa kwa alama ya n. Ya tatu ni idadi ya kromatidi, yaani molekuli za DNA zinazounda kromosomu.

Kromosomu huhesabiwa kwa sentromia, yaani sehemu yake ambapo kromatidi hushikana. Kromosomu ambayo haijarudufishwa ina kromatidi moja na sentromia moja, kwa hiyo ni kromosomu moja. Iliyorudufishwa ina kromatidi mbili zinazofanana, zilizoshikanishwa na protini iitwayo kohesini, na maadamu zimeshikana kwenye sentromia, huhesabiwa bado kuwa kromosomu moja. Siku zinapoachana, kila kromatidi hupata hadhi ya kromosomu kamili na hesabu hupanda papo hapo.

Kiasi cha DNA, kwa upande wake, hufuata kromatidi wala hakifuati kromosomu, kwa kuwa kila kromatidi ni molekuli moja ndefu ya DNA yenye nyuzi mbili. Kromosomu ya 1 ya binadamu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ina takriban jozi za besi milioni 249 kabla ya awamu ya S. Baada ya awamu hiyo ina jozi hizo mara mbili, na bado unapoitazama kwa hadubini unaihesabu kuwa moja. Makosa mengi ninayoyaona katika majibu ya mitihani huanzia hapa: mwanafunzi husoma kwamba DNA imekuwa maradufu, akaandika kromosomu 92 katika G2, awamu inayofuata S.

Hatua ya 2: Weka kipimo chako

Alama ya 1C ina maana ya kiasi cha DNA kilichomo katika seti moja isiyorudufishwa ya gameti, yaani seli ya uzazi kama vile mbegu ya kiume. Hewson Swift ndiye aliyeianzisha mwaka 1950, alipokuwa akipima DNA katika viini vya mimea. Miaka miwili kabla yake, nchini Ufaransa, Boivin na Vendrely walikuwa wamepima viini kutoka viungo mbalimbali vya ng'ombe wakakuta kiasi cha DNA kwa kila kiini ni kilekile, iwe ni ini, figo au kongosho, isipokuwa katika mbegu za dume, ambamo kilikuwa karibu nusu. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa hoja nzito za kuonyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi, kwa kuwa protini za seli hazikuwa na uthabiti wa aina hiyo.

Ili kubadilisha jozi za besi kuwa uzito, gawanya idadi yake kwa milioni 978, na jibu litakuwa kwa pikogramu. Seti moja ya binadamu ina takriban jozi bilioni 3.1, na ukigawanya utapata karibu pikogramu 3.2. Hiyo ndiyo 1C. Kwa hiyo seli ya mwili iliyo katika G1, yenye 2C, ina takriban pikogramu 6.4, na iliyo katika G2, yenye 4C, ina takriban 12.8. Fanya hesabu hii kwa mkono wako walau mara moja, kwa sababu baada ya hapo 2C na 4C hazitakuwa tena alama tupu za kitabuni.

Usidhani kwamba C ya kiumbe mmoja inalingana na ya mwingine. Kitunguu maji kina kromosomu 16 tu katika seli zake za mwili, lakini 1C yake ni pikogramu 16 hadi 17, karibu mara tano ya binadamu. Idadi ya kromosomu haikuambii uzito wa DNA, na uzito wa DNA haukuambii jinsi kiumbe kilivyo tata.

Hatua ya 3: Pitia mzunguko awamu kwa awamu

Seli ya binadamu inayokua vizuri katika chombo cha maabara humaliza mzunguko mmoja kwa takriban saa 24. Kwa makadirio yanayotumiwa mara nyingi, saa 11 huwa za G1, saa 8 za S, saa 4 za G2 na saa 1 ya mitosisi. Uwiano huu hutofautiana kutoka aina moja ya seli hadi nyingine, na kinachotofautiana zaidi ni urefu wa G1.

Katika G1 kiasi ni 2C, kromosomu ni 46 na kromatidi ni 46. Seli hukua, hutengeneza protini, na kupima mazingira yake kabla ya kujifunga na uamuzi wa kugawanyika. Seli iliyojitoa katika mzunguko na kutulia, hali inayoitwa G0, nayo ina 2C, na kwa kipimo cha DNA peke yake huwezi kuitofautisha na ya G1.

Awamu ya S inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndipo mchoro unapopata umbo lake. DNA haiongezeki kwa ghafla. Kila uzi wa zamani hutumiwa kama kielelezo cha kutengenezea uzi mpya, kwa hiyo molekuli mbili zinazopatikana zina kila moja uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Meselson na Stahl walilithibitisha jambo hilo kwa bakteria mwaka 1958. Katika seli ya binadamu kazi hii huenda kwa mwendo wa takriban besi 50 kwa sekunde katika kila panda, yaani mahali ambapo nyuzi mbili za zamani zinafunguka na kunakiliwa. Sasa chukua kromosomu ya 1 na uifikirie ikianza kunakiliwa kutoka sehemu moja tu ya katikati, panda mbili zikielekea pande mbili. Kila panda ingelazimika kusafiri karibu jozi milioni 124.5. Gawanya kwa 50, utapata sekunde milioni 2.49, ambazo ni karibu siku 29. Seli haina siku 29. Ina saa 8. Ndiyo maana unakiliji huanzia katika maelfu mengi ya vitovu vilivyotawanyika katika kromosomu zote, na vitovu hivyo haviwashwi pamoja: maeneo yenye jeni nyingi zinazotumika kwa kawaida huanza mapema, na maeneo yaliyokazwa sana, kama yale yaliyo karibu na sentromia, huchelewa.

Matokeo yake ni kwamba ukikamata seli moja katikati ya awamu ya S, utaikuta na 2.4C, au 3C, au 3.7C. Kwenye grafu, S ni mteremko unaopanda, wala si ukuta wima. Idadi ya kromosomu inabaki 46 muda wote huo. Kuhusu kromatidi, ni vyema kuacha kuzihesabu kwa tarakimu kamili mpaka S iishe, kwa kuwa sehemu fulani za kromosomu zimekwisha kuwa mbili na nyingine bado ni moja.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka mno: ni nini kinachozuia kitovu kilekile kisiwake mara mbili? Jibu liko katika mpangilio wa majira. Protini za kundi la MCM hupakiwa kwenye vitovu wakati wa G1 tu, na vitovu vilivyopakiwa ndivyo vyenye kibali cha kuwaka. S inapoanza, kitovu kikishawaka hupoteza kibali chake, na upakiaji mpya huzuiwa, miongoni mwa mengine kwa kuharibiwa kwa protini iitwayo Cdt1 na kwa kazi ya kizuizi chake, geminini. Kibali kipya hakitolewi mpaka mitosisi iishe. Kwa njia hiyo 2C huwa 4C kamili, wala haiwi 5C au 6C.

Katika G2 kiasi ni 4C, kromosomu ni 46, na kromatidi ni 92. Seli hukagua kama unakiliji umekamilika na kama kuna mikatiko ya DNA inayohitaji kurekebishwa. Alma Howard na Stephen Pelc ndio walioonyesha mpangilio huu wa awamu, wakifanya kazi London na kuchapisha matokeo makuu mwaka 1953. Waliweka fosforasi yenye mnururisho katika mizizi ya Vicia faba, mmea wa jamii ya maharage, wakaona kwamba DNA mpya hutengenezwa katika kipindi maalumu kabla ya mitosisi, kukiwa na pengo kabla na pengo baada. Mapengo hayo ndiyo G1 na G2.

Mitosisi huanza na 4C, na profezi na metafezi hazibadilishi chochote katika hesabu zetu tatu. Kromosomu hujikaza, hupangwa katikati, lakini bado ni 46 zenye kromatidi 92. Anafezi ndipo wengi wanapoteleza. Kimeng'enya kiitwacho separasi hukata kohesini, kromatidi huachana, na papo hapo kromosomu huwa 92 zenye kromatidi moja moja. Kiasi cha DNA ndani ya seli nzima bado ni 4C, kwa sababu hakuna kilichotoka nje na hakuna kilichotengenezwa. Viini viwili vinapoundwa katika telofezi, kila kimoja huwa na 2C na kromosomu 46. Kwa hiyo unapojibu swali kuhusu mwisho wa mitosisi, taja kwanza kama unahesabu kwa kila kiini au kwa seli nzima, kwa maana seli yenye viini viwili ambayo haijakatika bado ina 4C kwa jumla.

DNA ya mitokondria, ambayo kwa binadamu ni duara la jozi 16,569 tu kwa kila nakala, haifuati ratiba hii. Hunakiliwa wakati wowote wa mzunguko, nayo haiingizwi katika hesabu ya C ya kiini.

Hatua ya 4: Chora grafu

Weka muda kwenye mhimili wa mlalo na kiasi cha DNA kwa kila kiini kwenye mhimili wa wima, ukianzia sifuri. Wanafunzi wengi huanzia 2C chini kabisa, na mchoro wao hupotosha uwiano. Ukitumia saa 24 nilizotaja, chora mstari wa mlalo kwenye 2C kuanzia saa 0 hadi saa 11. Kutoka hapo panda kwa mshazari hadi 4C ufikapo saa 19. Endelea kwa mlalo hadi karibu na saa 24, kisha shuka wima hadi 2C. Mshuko huo ni wa wima kwa sababu kugawanyika kwa kiini hakupitii 3C.

Kisha chora mstari wa pili, wa idadi ya kromosomu, kwenye mchoro wa chini yake wenye mhimili uleule wa muda. Utaona mstari ulionyooka kwenye 46 toka mwanzo mpaka anafezi, mnara mwembamba wa 92, kisha 46 tena. Michoro hiyo miwili ikiwekwa mmoja chini ya mwingine hueleza mada nzima kuliko maelezo ya kurasa tatu, na kwa maoni yangu mwalimu asiyeichorea darasa lake pamoja amewanyima wanafunzi kitu muhimu.

Hatua ya 5: Fuata meiosisi kwa maswali yaleyale

Meiosisi, mgawanyiko unaozaa seli za uzazi, ina S moja na migawanyiko miwili ya kiini. Uliza maswali yetu mawili na jibu litajitokeza lenyewe: kurudufisha mara moja kunatoa 4C kutoka 2C, mgawanyiko wa kwanza unarudisha 2C, na wa pili unatoa 1C.

Kilicho kigumu ni mgawanyiko wa kwanza, kwa kuwa hapo kromosomu zenye kufanana huachana huku kromatidi za kila kromosomu zikibaki zimeshikana. Kila kiini kinachotokea kina kromosomu 23, kromatidi 46 na kiasi cha 2C. Linganisha na seli ya mwili iliyo katika G1: nayo ina 2C, lakini kromosomu zake ni 46. Viini hivyo viwili vina uzito sawa wa DNA na vinatofautiana kabisa katika urithi, kwa sababu kimoja kina seti mbili zilizo moja moja na kingine kina seti moja iliyorudufishwa. Ikiwa kuna jambo moja la kubaki nalo kuhusu meiosisi, ni tofauti hiyo. Kati ya mgawanyiko wa kwanza na wa pili hakuna S, hata pale seli inapopumzika kidogo. Mgawanyiko wa pili hutenganisha kromatidi, na kila kiini hubaki na kromosomu 23 na 1C. Kubadilishana vipande kati ya kromosomu katika profezi ya kwanza hakubadilishi kiasi cha DNA, kwa kuwa kinachotolewa na kinachopokelewa ni sawa.

Yai la binadamu linaonyesha kwamba muda katika grafu hii unaweza kunyooshwa sana. Seli zinazozaa mayai hufanya S yake kabla mtoto wa kike hajazaliwa, zikaingia profezi ya kwanza zikiwa na 4C, kisha zikasimama. Yai litakalotolewa mwanamke akiwa na miaka 38 limekaa na 4C kwa zaidi ya miaka 38. Linapopevuka, humaliza mgawanyiko wa kwanza na kusimama tena katika metafezi ya pili likiwa na 2C, na mgawanyiko wa pili hukamilishwa mbegu ya kiume ikishaingia. Hapo zigoti, yaani yai lililorutubishwa, lina viini viwili vidogo vya 1C kila kimoja, na kila kimoja hufanya S yake kabla ya mgawanyiko wa kwanza wa kiinitete. Kwa hiyo zigoti hupita 2C na kufika 4C kama seli nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Pima mwenyewe

Shule isiyo na mashine ina kitunguu. Weka kitunguu juu ya glasi ya maji, kitako kikigusa maji, kwa siku mbili au tatu. Kata ncha za mizizi milimita 2 hadi 3, zihifadhi katika mchanganyiko wa ethanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa tatu kwa moja, zilainishe katika asidi ya hidrokloriki ya mola 1 yenye nyuzi joto 60 kwa dakika 5 hadi 10, zioshe, zipake rangi ya oseini ya asetiki, kisha zibonyeze taratibu chini ya kioo. Utaona awamu za mitosisi, na utaweza kuhesabu kromosomu pale zilipotawanyika vizuri. Hutaona tofauti ya G1 na G2, kwa kuwa viini vya interfezi, yaani vya seli isiyo katika mitosisi, vinafanana machoni. Ukitaka kuzitofautisha kwa rangi, tumia njia ya Feulgen, iliyoanzishwa mwaka 1924, ambayo ukali wa rangi yake hulingana na kiasi cha DNA na hivyo unaweza kupimwa kwa mwanga.

Maabara yenye saitometa ya mtiririko hupima maelfu ya seli, moja baada ya nyingine, zikipita mbele ya mwale wa leza. Kusanya seli wakati zinakua kwa kasi, zioshe, kisha zidondoshe tone baada ya tone katika ethanoli baridi ya asilimia 70 huku ukitikisa mrija. Usifanye kinyume, kumimina ethanoli juu ya seli, kwa sababu zitagandana. Ziache kwenye baridi kwa saa 2 au usiku kucha. Zioshe tena, kisha ongeza RNase, kimeng'enya kinachovunja RNA, pamoja na rangi ya propidiamu iodidi, kwa kawaida maikrogramu 50 kwa mililita, na uziache gizani kwa nusu saa. Vaa glavu, kwa sababu rangi inayojipenyeza ndani ya DNA haifai kugusa ngozi yako.

Usiiruke RNase. Propidiamu hushika RNA pia, na bila kuiondoa RNA unapima mchanganyiko wa vitu viwili ukidhani ni kimoja. Weka kipimo cha mwanga kwenye skeli ya kawaida, si ya logi, pima angalau seli 10,000 kwa mwendo wa polepole, na uondoe seli zilizoshikana mbili mbili. Seli mbili za G1 zilizogandana zina 2C na 2C, na mashine huzisoma kama seli moja ya 4C. Zinatambulika kwa sababu huchukua muda mrefu zaidi kupita mbele ya mwale kuliko seli moja ya G2 yenye mwanga uleule.

Hatua ya 7: Soma histogramu

Histogramu ni grafu inayoonyesha ni seli ngapi zina kila kiasi cha DNA. Utaona kilele kirefu cha 2C, kilele kifupi cha 4C, na bonde lililoinuka kati yao, ambalo ni seli za S. Ikiwa kilele cha kwanza kiko kwenye alama ya 200, cha pili kinapaswa kuwa karibu na 400. Kikiwa kwenye 330, usitafute maelezo ya kibiolojia kabla ya kukagua rangi na mashine. Kilele cha 4C kinajumlisha G2 na mitosisi, kwa sababu zina kiasi kimoja, na kuzitenganisha kunahitaji alama nyingine ya mitosisi.

Tuseme umepata asilimia 50 katika G1, 35 katika S na 15 katika kilele cha 4C, na unajua mzunguko ni wa saa 24. Mtu wa haraka atasema S ni asilimia 35 ya saa 24, yaani saa 8.4. Ni makadirio yanayokubalika kwa kuanzia, lakini kumbuka kwamba katika seli zinazoongezeka kwa kasi, zilizozaliwa karibuni huwa nyingi kuliko zinazokaribia kugawanyika, kwa hiyo G1 huonekana ndefu kuliko ilivyo na G2 huonekana fupi.

Histogramu hubadilika kwa namna inayoeleweka ukitumia dawa. Vinkristini, inayotokana na mmea wa Catharanthus roseus ambao asili yake ni Madagaska na ambao hupandwa kama ua katika bustani nyingi za pwani yetu, huzuia nyuzi zinazovuta kromosomu, na seli hurundikana kwenye 4C. Haidroksiyurea huzuia utengenezaji wa malighafi ya DNA, na seli hukwama mwanzoni mwa S. Ni dawa hiyohiyo wanayopewa wagonjwa wa selimundu, ingawa kwao faida inayotafutwa ni kuongezeka kwa himoglobini ya kichanga, na dozi hupangwa huku damu ikipimwa mara kwa mara kwa sababu uboho, ambao seli zake hugawanyika bila kukoma, ndio wa kwanza kuumia S ikizuiwa kupita kiasi.

Usahihi wa kipimo hiki unaonekana vizuri katika ufugaji. Mbegu ya dume la ng'ombe yenye kromosomu X ina DNA zaidi ya yenye Y kwa takriban asilimia 4 tu, na tofauti hiyo ndogo inatosha kwa mashine kuzitenga zikiwa hai. Mbegu zilizochaguliwa jinsia, anazonunua mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ili apate mitamba, zimepatikana kwa njia hiyo.

Hatua ya 8: Tambua seli zinazovunja ratiba

Si kila kilele kilicho nje ya 2C na 4C ni kosa. Baadhi ya seli za ini hufanya S bila kumaliza mgawanyiko, zikabaki na viini vya 4C au 8C. Seli za uboho zinazozaa vigandisha damu hurudia hivyo mpaka kufika 64C wakati mwingine. Katika tezi za mate za lava wa nzi wa matunda, unakiliji hurudiwa mara nyingi kiasi kwamba kromosomu zake nene huonekana kwa hadubini ya kawaida. Kwa upande mwingine, chembe nyekundu ya damu ya binadamu iliyokomaa haina kiini kabisa. Seli za saratani nyingi huwa na kilele cha G1 kilichohama, kwa mfano kwenye 2.6C au 3.4C, kwa kuwa zimepoteza na kuongeza kromosomu bila mpangilio. Hapa ndipo unapohitaji seli za kawaida katika mrija wa kando kama kipimo cha kulinganishia.

Mimea yenye seti nyingi inahitaji uangalifu. Kahawa ya robusta ya Bukoba ina kromosomu 22, na arabika ya Kilimanjaro ina 44, kwa sababu arabika ilizaliwa kutokana na muungano wa seti za spishi mbili, robusta ikiwa mmojawapo wa wazazi. Hata hivyo kila moja ina 2C yake katika G1 na 4C yake katika G2. Kilichotofautiana ni uzito wa C. Kwa robusta 1C ni karibu pikogramu 0.7, na kwa arabika ni karibu 1.3. Kwa hiyo kiini cha robusta katika G2 kina takriban pikogramu 2.8 na kile cha arabika katika G1 kina takriban 2.6, tofauti ndogo sana inayoweza kumdanganya anayepima bila kujua ni mche gani.

Jipime kwa kahawa hiyohiyo. Chukua ncha ya mzizi wa arabika iliyo katika metafezi: DNA imesharudufishwa, kiini hakijagawanyika, basi ni 4C, kromosomu 44, kromatidi 88, takriban pikogramu 5.2. Sogea hadi anafezi: bado 4C na pikogramu zilezile, lakini kromosomu 88. Nenda kwenye ua, kwenye seli inayozaa chavua, mara tu baada ya mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi: 2C kwa kila kiini, kromosomu 22, kromatidi 44, pikogramu 2.6. Baada ya mgawanyiko wa pili: 1C, kromosomu 22, pikogramu 1.3. Kisha rudia zoezi zima kwa ndizi ya kawaida isiyo na mbegu, yenye seti tatu na kromosomu 33, na uishie kwenye mitosisi ya mzizi wake: G1 ina 2C na 33, metafezi ina 4C, 33 na kromatidi 66, anafezi ina 66. Ukijaribu kuipeleka meiosisi utakuta kromosomu 33 haziwezi kupangwa katika jozi, mgawanyo unakwenda ovyo, na chavua hupata kiasi cha DNA kisicho sawa kutoka chembe moja hadi nyingine.